Nikea hawakupigia kura vitabu vya Biblia

Naandika tena jambo hili kwa sababu limerudi tena darasani, na safari hii limeletwa na mwanafunzi makini kabisa, aliyelichukua kwenye mhadhara wa dini akalisambaza WhatsApp. Eti mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwakusanya maaskofu Nikea, katika Uturuki ya leo, kwa mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, vikaletwa vitabu chungu nzima, wakapiga kura, Injili nne zikapita na nyingine zikatiwa moto.

Haikuwa hivyo, na wala hapa hatubishanii imani. Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wote wanaweza kusoma kilichobaki kutoka Nikea: kanuni ya imani, kanuni 20 za nidhamu, na barua waliyoliandikia kanisa la Misri. Waliitwa kwa ajili ya Ario, kasisi wa Aleksandria, na mafundisho yake kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa. Wakashughulikia pia tarehe ya Pasaka na mgawanyiko wa Wameletio, wafuasi wa askofu Meletio, huko Misri. Kanuni ya 17 inawakataza makleri, yaani wahudumu wa kanisa, kukopesha kwa riba, na ya 20 inaagiza watu wasali wamesimama siku ya Jumapili. Walishuka hadi kwenye mambo ya namna hiyo, yakaandikwa. Orodha ya vitabu haimo popote.

Kisa chenyewe kimetoka kwenye Synodicon Vetus, maandishi ya Kigiriki ya karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baada ya mtaguso. Humo vitabu vinawekwa penye meza takatifu, maaskofu wanaomba, kisha vya kweli vinakutwa juu na vya uongo chini. Hata humo, basi, hakuna kura, kuna muujiza. Voltaire alikieneza katika karne ya 18, na riwaya moja ya mwaka 2003, The Da Vinci Code, ikakimalizia kazi.

Sasa nawauliza wanaoshikilia kisa hiki: mwaka 303, miaka 22 kabla ya Nikea, serikali ya Kaisari Diokletiano wa Roma ilikuwa inachoma nini?

Amri ilikuwa Wakristo wasalimishe Maandiko yao yachomwe. Tunayo kumbukumbu rasmi ya upekuzi mmoja, wa tarehe 19 Mei 303, mji wa Cirta, ambao leo ni Constantine nchini Algeria. Ilisomwa tena kwenye kesi ya mwaka 320, ndiyo maana haikupotea. Ofisa wa mji, Munatius Felix, anaingia kwenye nyumba wanamokutania Wakristo na kudai vitabu. Askofu Paulo anamjibu kwamba Maandiko wanayo wasomaji, yaani wahudumu wanaosoma ibadani. Karani anaorodhesha mali: vikombe 2 vya dhahabu, 6 vya fedha, kanzu za kike 82, viatu vya kike jozi 47, vya kiume jozi 13. Wanafika maktaba, makabati matupu. Shemasi mdogo mmoja anatoa kodeksi (kitabu cha kurasa zilizoshonwa) moja, kubwa sana. Mbona moja tu? Zilizobaki ziko kwa wasomaji. Basi wanazunguka nyumba kwa nyumba: kwa Eugenius wanapata kodeksi 4, kwa Felix fundi wa mozaiki 5, kwa Victorinus 8, na mke wa Coddeo anatoa 6.

Nawasomea wanafunzi ukurasa huo kila mwaka na bado unanigusa. Huu ni mji mmoja tu wa mkoani. Vitabu vimeshasambaa majumbani, vina watu maalumu wa kuvitunza, na serikali inajua wa kumwendea. Hapajakuwa na kaisari Mkristo, na hakuna aliyekuwa akisubiri mkutano umwambie asome nini ibadani. Rudi nyuma zaidi, mwaka 180: Wakristo wa Scilli, Afrika ya Kaskazini hiyohiyo, wanashtakiwa mbele ya liwali mjini Karthago. Anawauliza wana nini ndani ya kasha lao. Sperato, mmoja wao, anajibu: vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwadilifu. Karibu na wakati huohuo Ireneo, askofu wa Lyons katika Ufaransa ya leo, anatetea kwa nguvu kwamba Injili ni nne, si pungufu wala zaidi. Marcioni, aliyetaka Luka peke yake na nyaraka 10 za Paulo, alikwisha kutengwa na kanisa la Roma miaka ya 140. Hayo yapo katika kila kitabu cha utangulizi, siyarefushi.

Lakini kinachonichosha zaidi ni kwamba hata miaka ya baada ya Nikea inakikana kisa hiki. Atanasi alikuwepo Nikea akiwa shemasi wa askofu wa Aleksandria, kisha akawa askofu wa mji huo na kuutetea mtaguso ule maisha yake yote, akafukuzwa jimboni mara 5 katika mapambano hayo. Mwaka 367 anaandika barua ya Pasaka, ya 39, yenye orodha ya vitabu 27 tunavyovijua. Ndiyo orodha ya kwanza iliyobaki inayolingana kabisa na Agano Jipya la leo. Kama Nikea walikuwa wamepitisha orodha, ni nani aliyekuwa na sababu kubwa kuliko Atanasi ya kusema "Nikea walisema"? Hasemi. Anasema ni vitabu vilivyopokelewa kutoka kwa waliotangulia. Askofu Sirili wa Yerusalemu, karibu mwaka 350, anawafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, orodha isiyo na Ufunuo, na hakuna anayemwambia amevunja amri ya mtaguso.

Kuna chembe ya ukweli, nayo tusiifiche. Miaka michache baada ya Nikea, Konstantino alimwandikia Eusebi wa Kaisarea, askofu na mwanahistoria, amtengenezee nakala 50 za Maandiko, za ngozi nzuri, kwa ajili ya makanisa ya Konstantinopoli, na akatoa magari ya serikali ya kuzisafirisha. Pesa ya kaisari ilinakili Biblia, ndiyo. Ila barua tuliyonayo haimwambii Eusebi aingize kitabu gani.

Halafu kuna Barnaba. Hapa naomba tusikilizane, maana kwenye mihadhara yetu ya Afrika Mashariki ndipo mambo huvurugika kabisa. *Waraka wa Barnaba* ni wa kale kweli, na umo ndani ya Kodeksi ya Sinai, Biblia ya Kigiriki iliyoandikwa kwa mkono karne ya 4, pamoja na kitabu kingine cha kale, Mchungaji wa Herma. *Injili ya Barnaba* ni kitabu kingine. Tunayo kwa mswada wa Kiitaliano uliopo Vienna, ambao karatasi yake ni ya karne ya 16, na kwa nakala ya Kihispania. Inataja yubile, yaani mwaka mtakatifu, ya kila miaka 100, utaratibu uliowekwa na Papa Bonifasi VIII mwaka 1300. Mtu anaponiambia "Barnaba alikuwemo kwenye Biblia ya zamani", amechukua umri wa waraka akaupa injili. Ni kweli orodha moja ya Kilatini ya karne ya 6 inataja injili yenye jina la Barnaba miongoni mwa vitabu vilivyokataliwa, lakini hakuna mstari wake hata mmoja unaojulikana, na hakuna kinachouunganisha na mswada wa Vienna.

Ndugu zangu wa kanisani nao wasishangilie mapema. Kumjibu mhadhiri kwamba "27 vilijulikana tangu mitume" ni kosa la pili. Eusebi mwenyewe anaandika kwamba Yakobo, Yuda, 2 Petro, 2 na 3 Yohane vinabishaniwa, na Ufunuo anauweka pande mbili kwa pamoja. Askofu Serapioni wa Antiokia, kuelekea mwaka 200, aliruhusu waumini wa Rhosso wasome Injili ya Petro, kisha akaisoma mwenyewe na kuibatilisha ruhusa. Kanisa la Ethiopia, linaloikiri Nikea bila shaka yoyote, linahesabu vitabu 81, Agano la Kale na Jipya pamoja.

Na ushahidi tunaoupenda si imara kama vitabu vya shule vinavyodai. Kipande cha mafunjo chenye Injili ya Yohane kilichopo Manchester, kiitwacho P52, husemwa kila mahali kuwa ni cha mwaka 125. Tarehe hiyo imetokana na mwandiko tu. Mtaalamu wa miswada Brent Nongbri alionyesha mwaka 2005 kwamba mwandiko wa namna ile unaweza kufika hata karne ya 3. Orodha ya Muratori, orodha ya kale ya vitabu vya Agano Jipya, ambayo wengi huiweka karibu na mwaka 170, wapo wataalamu wanaoisogeza hadi karne ya 4. Mimi naegemea tarehe ya mapema, lakini hoja yangu nzima siwezi kuitundika hapo.

Anayetaka kunibana kweli aache hadithi ya kura aje na Jeromu, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini. Katika dibaji yake ya kitabu cha Yudithi anaandika kwamba, kwa tunavyosoma, Mtaguso wa Nikea ulikihesabu kitabu hicho kati ya Maandiko Matakatifu. Huenda maaskofu walikinukuu tu katika majadiliano, au Jeromu alikuwa na andiko ambalo sisi hatunalo. Naona la kwanza lina uzito zaidi, kwa sababu ya ukimya wa Atanasi, ambaye katika barua ya 367 anamweka Yudithi nje ya kanoni, yaani orodha ya Maandiko yaliyokubaliwa, kati ya vitabu vya kuwasomea wanaoanza kufundishwa. Huo ndio ushahidi wa kale ulioko, sentensi moja, na unahusu kitabu cha Agano la Kale.