Usahihi wa vipimo katika ramani za kale za ndege ndogo za redio

Usahihi wa vipimo ni kiwango ambacho urefu, upana na pembe zinazopimika kwenye karatasi ya ramani zinapatana na vile mbunifu alivyokusudia ndege yake iwe. Kwa anayeunda upya ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio iliyobuniwa miaka ya 1940 hadi 1960, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ramani yake ndiyo kiolezo chenyewe: vijiti vya balsa, mti mwepesi sana, hushikizwa kwa pini juu ya karatasi na kuunganishwa hapohapo kwa gundi, hivyo kila kosa lililomo kwenye karatasi huhamia kwenye ubao. Ndege ile ile mara nyingi hupatikana katika nakala kadhaa, na fundi makini hutaka kujua ipi aifuate. Wengi huweka nakala moja juu ya nyingine mbele ya mwanga. Njia hiyo huonyesha kwamba nakala zinatofautiana, lakini haiwezi kuonyesha ipi iliyo sahihi, kwa kuwa zote mbili zinaweza kuwa zimepotoka. Kila nakala inapaswa kwanza kupimwa dhidi ya tarakimu zilizoandikwa juu yake, na baada ya hapo tu ndipo nakala hizo zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe.

Tuchukue Junior 60, ndege iliyobuniwa na Albert Hatfull kwa ajili ya kampuni ya KeilKraft ya Uingereza mwaka 1946. Ilikusudiwa kuruka huru bila kuongozwa, lakini utulivu wake hewani uliwafanya watu wengi waitie redio baadaye, na hadi leo inaundwa. Urefu wa mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, ni inchi 60, yaani milimita 1,524. Tuseme nakala fulani inaonyesha milimita 1,494. Ukigawanya kilichopimwa kwa kilichoandikwa unapata 0.98, kwa hiyo karatasi imepungua kwa asilimia 2. Upungufu huo ukiwa sawa pande zote, eneo la bawa hupungua kwa karibu asilimia 4, kwa kuwa eneo hutokana na urefu na upana kwa pamoja, ilhali injini, betri na vifaa vya redio havipungui uzito hata kidogo. Ndege itaruka, ila itahitaji mwendo zaidi wa kuruka na wa kutua kuliko ile ya asili.

Upungufu ulio sawa pande zote ndio ugonjwa mwepesi kuliko yote, kwani nakala ikichapishwa upya kwa kukuzwa kidogo hupona kabisa. Mara nyingi husababishwa na printa iliyoachwa ibane mchoro ili uenee kwenye karatasi. Kosa gumu zaidi ni lile linalotofautiana kati ya urefu na upana. Karatasi yenyewe hufanya hivyo: inapofyonza unyevu hutanuka zaidi kwa kukingama na nyuzi zake kuliko kwa kufuata nyuzi hizo. Mashine zinazovuta ramani ndefu kwa rola nazo huweza kuteleza, zikarefusha au kufupisha mchoro upande mmoja tu. Katika hali hiyo ukikuza nakala nzima kwa asilimia 2 utaurekebisha urefu wa bawa na kuuharibu upana wake. Kila upande hudai uwiano wake, na uwiano huo lazima utokane na vipimo vilivyochukuliwa upande huohuo.

Kuna jaribio rahisi ambalo nalithamini kuliko mengine, nalo ni kupima gurudumu. Mchoraji wa zamani alichora magurudumu kwa bikari, kwa hiyo kwenye mchoro wa asili yalikuwa duara kamili. Gurudumu la kipenyo cha inchi 3 lina milimita 76.2; likipimika 76 kwa mlalo na 74.5 kwa wima, basi karatasi imebanwa upande mmoja, hata kama hakuna tarakimu yoyote iliyoandikwa karibu yake. Kinyume chake, unene wa vijiti si kipimo cha kutegemea. Kijiti cha robo inchi kina milimita 6.35, na mstari wa wino wenye upana wa nusu milimita tayari unaleta shaka ya karibu asilimia 8. Kipimo kirefu ndicho kinachotoa uwiano wa kuaminika.

Hata hivyo, urefu wa jumla unaweza kuwa sahihi huku mchoro ukiwa na kasoro katikati. Mbavu za bawa, yaani vipande vyembamba vinavyopangwa kwa mfuatano ndani ya bawa na kulipa umbo, husaidia hapa. Ikiwa ramani inasema zimeachana kwa inchi 2, weka rula ndefu ya chuma kwenye ubavu wa kwanza na usiihamishe tena. Mstari wa ubavu wa kumi na moja unatakiwa kuangukia milimita 508. Soma kila ubavu uliopo kati yake. Tofauti ikikua polepole na kwa usawa, ni suala la ukubwa wa nakala. Ikiruka ghafla mahali pamoja, hapo pana mkunjo, kiungo cha karatasi mbili au mtelezo wa rola. Kuruka kwa namna hiyo ni hatari zaidi kunapotokea kwenye mchoro wa ubavuni, yaani ule unaoonyesha kiwiliwili cha ndege kutoka pembeni, kati ya bawa na mkia. Kubanwa kwa karatasi kwa asilimia 2 hakubadilishi pembe ya nyuzi 3 kwa kiasi cha kuhisika, lakini kiungo kilichogeuka kwa nyuzi 1 hubadilisha moja kwa moja pembe iliyopo kati ya bawa na mkia, na pembe hiyo ndiyo inayoamua kama ndege itaruka kwa utulivu au itakuwa ikiinua na kuinamisha pua.

Ramani zilizochapwa magazetini kwa ukubwa mdogo zinadai tahadhari ya peke yake. Bawa la inchi 60 likipunguzwa mara sita huwa inchi 10 tu, na mstari wenye upana wa milimita 0.3 hugeuka milimita 1.8 unapokuzwa. Mbavu zinazopatikana kwa njia hiyo zisikatwe zilivyo. Afadhali kuchora upya mkato wa bawa, yaani umbo lake likitazamwa kutoka ncha, kwa kufuata tarakimu.

Linabaki swali la iwapo mbunifu mwenyewe aliifuata ramani iliyochapishwa. Michoro mingi ilichorwa upya na wachoraji wa magazeti au wa viwanda, na ndege zilirekebishwa uwanjani baada ya michoro kwisha. Mara chache ndege yenyewe ipo: ile iliyoitwa Guff, ya ndugu Walter na William Good wa Marekani, ambayo historia yake inaanzia miaka ya 1930, imehifadhiwa na Taasisi ya Smithsonian, yenye makumbusho nchini humo. Hata ndege kama hiyo, ikiwa iliwahi kutengenezwa baada ya kuanguka, si ushahidi wa mwisho. Tarakimu zikigongana na mchoro, mimi huzifuata tarakimu, isipokuwa pale ambapo kuzifuata kungefanya sehemu mbili zisishikane, kwa mfano tako la bawa, upande unaoungana na kiwiliwili, kuwa pana kuliko kitako lilichochorewa kwenye kiwiliwili. Hapo mchoro wa ubavuni na ule wa juu hupimwa vyote viwili, na kipimo ambacho michoro hiyo miwili inakubaliana ndicho kinachopewa nafasi ya kwanza.