Sarufi na sala ndani ya majalada: vipande vya hati za Kilatini

Kitabu kilichochapwa Ulaya mwaka 1550 kikiingia kwenye chumba cha wahifadhi, hatuanzi na kurasa zake. Tunaanza na jalada: mgongo, pembe, na upande wa ndani ambako ubao wa jalada hufichwa kwa karatasi. Huko ndiko mafundi wa kujalidi vitabu walikotumia kurasa kuukuu za ngozi ya mnyama kuimarisha kazi yao, na ngozi hizo mara nyingi zina maandishi ya Kilatini ya karne nyingi kabla ya kitabu chenyewe. Unakuta nusu ya zaburi, robo ya ukurasa wa misale (kitabu cha sala za Misa), au mistari mitano ya sarufi ya watoto.

Wageni wa maktaba huuliza sarufi imefikaje hapo, ikichanganyika na sala. Majibu yapo kwenye barua ya mwaka 746. Kasisi mmoja wa Bavaria, ambaye Kilatini kilimpiga chenga, alikuwa akibatiza watu “in nomine patria et filia”, yaani kwa jina la nchi na binti, badala ya “patris et filii”, la Baba na la Mwana. Askofu Bonifasi alitaka waliobatizwa hivyo wabatizwe upya. Papa Zakaria akamwandikia kwamba haina haja: kasisi hakukusudia uzushi, ni ujinga wa lugha tu. Bonifasi mwenyewe alikuwa mwalimu wa sarufi na ameacha kitabu alichoandika juu yake, kwa hiyo tunaweza kukisia jinsi kosa lile lilivyomkera.

Hilo ndilo lililokuwa tatizo la Kaskazini mwa Ulaya. Ibada, Biblia na sheria za Kanisa vilikuwa kwa Kilatini, lakini mtoto wa Ireland, Saksonia au Uswidi hakukisikia nyumbani. Ilibidi akisome darasani, mwisho wa neno kwa mwisho wa neno. Mwaka 789 mfalme Charlemagne aliagiza shule ziwepo na vitabu visahihishwe, kwa sababu, anavyosema kwenye agizo lake, wapo watu wanaotaka kumwomba Mungu vizuri lakini wanaomba vibaya kwa kuwa vitabu vyao vina makosa. Kwa hiyo zaburi na sarufi zilikaa darasa moja.

Sarufi yenyewe kwa kawaida ilikuwa ya Donatus, mwalimu wa Roma wa karne ya 4 aliyemfundisha Mtakatifu Yeronimo, mfasiri wa Biblia ya Kilatini. Kitabu chake kidogo ni cha maswali na majibu. Aina za maneno ni ngapi? Nane. Zipi? Nomino, kiwakilishi, kitenzi, kielezi na kuendelea. Aliyesoma Kiswahili shuleni hapa kwetu atakuwa ameshatabasamu, maana orodha ya aina nane aliyokaririshwa inakaribiana mno na hiyo. Tofauti kubwa ni kwamba Donatus aliweka vivumishi ndani ya nomino. Si ajabu. Wamisionari walioandika sarufi za mwanzo za Kiswahili, kama Krapf aliyechapisha yake mwaka 1850, walikuwa wamepitia shule za Kilatini, wakaja na vigezo vyao.

Si wote waliompenda Donatus. Papa Gregori Mkuu aliandika kwamba haifai hata kidogo kuyafunga maneno ya Mungu kwa kanuni zake. Miaka 200 baadaye abati Smaragdus alifanya kinyume kabisa: aliifafanua sarufi hiyo kwa mifano ya Biblia, na akasema hana shaka kwamba idadi ya nane imevuviwa na Mungu. Binafsi naona Gregori alijiamini kwa sababu Kilatini kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa. Smaragdus alikuwa na darasa la kufundisha.

Sasa tuchukue ukanda mmoja wa ngozi, upana wa vidole viwili, umekatwa juu na chini. Upande mmoja ni wa manjano wenye vidoadoa: hapo palikuwa na manyoya. Wa pili ni mweupe zaidi, ndio uliogusa nyama. Mistari ilichorwa kwa ncha kavu, bila wino, unaihisi kuliko unavyoiona. Wino ni wa chuma, umegeuka kahawia. Halafu herufi: “huius mag”, ngozi inakatika, mstari wa chini, “huic mag”. Aliyezoea anajua papo hapo. Ni Donatus akimgeuzageuza “magister”, mwalimu, kupitia hali zote za Kilatini, yaani miisho ambayo jina hupewa kulingana na kazi yake katika sentensi, mfano wa kwanza ambao kila mwanafunzi aliuimba. Kama badala yake tungeona “xps” yenye kistari juu, hapo ni Kristo kwa ufupisho uliotoka kwenye herufi za Kigiriki, nasi tungeanza kupekua Injili, mahubiri na vitabu vya Misa.

Kwa nini vitabu hivi vilikatwa? Uchapaji ulivifanya vionekane vya kale, na Matengenezo ya Kiprotestanti yakafanya vitabu vya Misa visiwe na kazi. Nchini Uswidi, maofisa wa mfalme Gustav Vasa walivalisha daftari za kodi kwa kurasa za misale; leo Hifadhi ya Taifa ya Stockholm ina vipande zaidi ya 20,000. Huko Iceland kurasa za hadithi zilikatwa zikatiwa ndani ya kofia ya askofu ili isimame.

Sarufi ilikuwa na adui mwingine: watoto. Gutenberg, mchapaji wa Ujerumani, alichapa Donatus mara kadhaa, na nakala zote zilizobaki ni vipande, vingi vikiwa vimetolewa kwenye majalada. Biblia yake kubwa, ya mwaka 1455 hivi, bado ina nakala karibu 50. Kitabu cha fahari kilikaa kabatini, cha darasani kilishikwa mpaka kikaisha. Ndiyo maana kwa mtafiti wa elimu ya zamani, ukanda mchafu wa Donatus una thamani kuliko ukurasa wa dhahabu.

Zamani maktaba zilibandua vipande hivi na kuviweka kwenye mafaili, mara nyingi bila kuandika vimetoka kitabu gani. Hasara hiyo hairudi, kwa kuwa jalada ndilo linaloonyesha kipande kilikatiwa mji gani na lini. Siku hizi tunapendelea kuviacha vilipo. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, wamesoma maandishi yaliyofichwa chini ya majalada kwa eksirei inayotambua chuma cha wino, na mradi wa Fragmentarium wa Uswisi unakusanya picha mtandaoni ili vipande vya kitabu kimoja vilivyotawanyika nchi tofauti vikutanishwe.

Kama seminari, parokia au familia yako ina kitabu cha zamani cha Ulaya na unaona herufi zikichungulia mgongoni, usibandue wala usilowanishe gundi. Usipitishe tepu juu yake. Piga picha pande zote ukiwa umeweka rula pembeni, piga na ukurasa wa kwanza wenye jina la mchapaji na mwaka, kisha uzipeleke kwa mhifadhi wa nyaraka.