Dalali sio tapeli jamani

Tapeli ni mtu anaekudanganya mpaka wewe mwenyewe, kwa mkono wako na akili zako timamu, unampa mali yako. Basi. Ukikwapuliwa simu stendi hujatapeliwa, umeibiwa, hata Kanuni ya Adhabu inavitenganisha, wizi una kifungu chake na kujipatia mali kwa udanganyifu kuna kifungu chake.

Ila kinachoniuma zaidi ni dalali kuitwa tapeli. Juzi hapa Arusha kwenye haisi ya Ngaramtoni dada mmoja anaongea na simu kwa uchungu kabisa, "nimetapeliwa", ukimsikiliza kumbe alitafutiwa chumba Sakina, chumba kipo, mwenye nyumba yupo, funguo kapewa na vitu kashahamishia, sema dalali kachukua hela ya mwezi mmoja kama walivyoelewana. Sasa utapeli uko wapi hapo? Ni ghali, nakubali, na mimi inaniuma kila nikihama, lakini hakuna aliyedanganywa.

Neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, dallal, na mzizi wake ndo huohuo uliotupa dalili, yaani kuonyesha, kuelekeza njia. Wingu ni dalili, linakuonyesha mvua, na dalali anakuonyesha chumba au anakuonyesha mnunuzi, ndo kazi yake yote hiyo na ndo anacholipwa (daladala haimo kwenye ukoo huu, ile imetoka kwenye dala, sarafu ya shilingi 5). Mpaka leo kuna dalali wa mahakama, anaepiga mnada mali ya mtu aliyeshindwa kesi, na hatujawahi kusema mahakama imeajiri tapeli. Mawe ya tanzanaiti ya Mirerani yanapita kwa madalali wenye leseni kabla hayajamfikia mnunuzi mkubwa, watu wameshinda juani na wamesomesha watoto kwa kazi hiyo, halafu unawaweka kapu moja na yule aliyekuuzia kioo cha bluu akakuapia ni tanzanaiti!

Madalali wanaotapeli wapo, sikatai, chumba kimoja anakula kodi ya watu wanne na funguo hana. Huyo muite tapeli, hapo sina neno.

Ila wewe dada wa haisi, wa nyumbani wakisikia umetapeliwa watajua chumba umekosa na hela imeenda. Waambie tu dalali kakukamua, watakuelewa.