Huduma za wingu: maana yake, na namna ya kuzijaribu kabla ya kuhamia

Huduma ya wingu ni kompyuta ya mtu mwingine unayoitumia kupitia intaneti. Barua pepe unayoisoma ukiwa kwenye feri ya Likoni, Mombasa, haikai ndani ya simu yako. Iko kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, za kampuni fulani, pengine nje kabisa ya Kenya, na simu inakuonyesha tu. Ndiyo maana ukiibiwa simu leo pale Mwembe Tayari, kesho ukanunua nyingine na kuandika nenosiri lako, barua zote unazikuta. Ni kama kuweka mali katika godauni la mtu Shimanzi: mali ni yako, ila kufuli, mlinzi na masharti ni vya mwenye godauni.

Barua pepe ndiyo iliyotangulia kuzoeleka. Hotmail ilianza 1996. Gmail ilipotangazwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiahidi nafasi ya gigabaiti moja (GB 1, kama megabaiti elfu moja) kwa kila mtu, wapo waliodhani ni mzaha wa sikukuu ya wajinga, kwa sababu huduma nyingine zilikuwa zikitoa megabaiti chache tu. Leo akaunti ya Google ina GB 15 bila malipo, na ghala nyingine za mtandaoni, OneDrive ya Microsoft na iCloud ya Apple, GB 5 kila moja, Dropbox GB 2. Hizo 15 zinaonekana nyingi mpaka ujue kwamba zinagawanywa: barua, faili za Drive (ghala la faili la Google) na picha, zote zinakula sahani moja. Tangu 2024 hata nakala za mazungumzo ya WhatsApp kwenye simu za Android zinahesabiwa humo humo. Mtu anashangaa barua za kazi haziingii tena, kumbe video za harusi ya binamu zimejaza nafasi yote.

Kinachowachanganya watu zaidi ni tofauti kati ya kuhifadhi na kuoanisha. Kuhifadhi ni kuweka nakala ya pili mahali pengine. Kuoanisha ni kuhakikisha simu na seva vinafanana kila wakati, na kufanana ni pamoja na kufuta. Muuza leso wa Mtaa wa Biashara ana picha mia kadhaa za leso kwenye simu, nafasi imemwishia, anafungua Google Photos na kuzifuta akiamini zimebaki kwenye wingu. Hazikubaki. Zimeingia kwenye pipa la taka, ambako picha iliyokuwa imeshahifadhiwa hukaa siku 60 kisha hupotea moja kwa moja. Programu hiyo hiyo ina kitufe chake cha kuondoa nakala ya simuni peke yake na kuacha ya kwenye seva. Hicho ndicho alichokihitaji. Huduma yoyote mpya ijaribu hapo kwanza: weka picha moja isiyo na thamani, ifute kwenye simu, kisha uangalie kwenye kompyuta kama ipo.

Kazi ya pamoja kwenye hati moja haina maneno mengi. Wakala wa mizigo bandarini Kilindini na karani wake wakifungua jedwali moja, kila mmoja anaona mwenzake anachoandika, na ule mchezo wa kutumiana "orodha mpya ya mwisho kabisa" unakoma.

Sasa, kujaribu. Watu wetu wengi hawakuchagua huduma yoyote. Walifunguliwa akaunti saiba, duka la intaneti, wakiwa kwenye foleni, kwa sababu eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au KRA, mamlaka ya kodi, ilidai barua pepe. Mhudumu anaandika chapuchapu, nambari ya simu ya kurejeshea akaunti anaweka yake au anaacha wazi, nenosiri analiandika nyuma ya risiti. Mwaka unapita.

"Mwanangu, ile imeli uliyonifungulia iko wapi?"

"Mama, ulikuja lini?"

Na nenosiri jipya la iTax, mfumo wa kodi wa KRA, linatumwa kwenye imeli ile ile iliyopotea. Kwa hiyo fungua akaunti kwa simu yako na laini yako, kisha siku ya pili jaribu kuingia kwa simu nyingine kana kwamba umesahau nenosiri. Kama huwezi kujirudisha ndani sasa, usiipe kazi yoyote ya maana. Akaunti za kujaribia nazo zisiachwe ovyo: Google imejipa ruhusa ya kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili, na ilianza kufanya hivyo Desemba 2023.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni la kutoka. Kabla hujahamisha miaka yako kumi ya picha, pakia folda ndogo, kisha iombe irudi: ipakue, ifungue kwenye kompyuta ambayo haina programu ya kampuni hiyo, uone kama majina na tarehe vimesalimika. Google ina chombo cha kazi hii kinachoitwa Takeout. Huduma isiyokuonyesha mlango wa kutokea, hata ikupe nafasi kubwa namna gani, mimi siiwekei kitu.

"Bure" nazo ni za aina mbili. Ipo ya kudumu yenye kikomo, na ipo ya mwezi mmoja inayotaka kadi mapema; hiyo usipojitoa kabla ya siku ya mwisho, hela hukatwa yenyewe. Tangu 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni, kwa hiyo kukosa kadi ya benki si kinga tena.

Halafu kuna intaneti yenyewe. Mombasa ndipo nyaya za intaneti za baharini zinapopanda nchi kavu; waya wa TEAMS kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, na ule wa Seacom zote zilifika 2009. Hata hivyo tarehe 12 Mei 2024, Seacom na waya mwingine, EASSy, zilipokatika upande wa Afrika Kusini, mtandao ulizorota Afrika Mashariki nzima, nasi tukiwemo. Faili utakayoihitaji asubuhi ya safari iwekee alama ya kupatikana bila mtandao, na ujaribu kuifungua bando likiwa limezimwa.

Mwenye ofisi ya utalii ana sharti la ziada. Nakala za pasipoti za wageni ni data za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka azilinde popote zilipo, hata zikiwa kwenye seva ya ng'ambo. Majaribio yote haya ayafanyie faili zake mwenyewe.