Kuinua pua hakuiokoi ndege

Wanaorusha ndege kubwa za kivita za mfano, zile zinazoongozwa kwa rimoti, wengi huamini kwamba ndege ikianza kuzama karibu na uwanja, dawa ni kuvuta kijiti cha rimoti ili pua iinuke. Sivyo kabisa, na imani hiyo imevunja mabawa mengi yaliyojengwa kwa miezi.

Bawa hubeba kwa jinsi linavyokutana na hewa. Pembe ya kukutana ikizidi takriban nyuzi 15, hewa huachana na mgongo wa bawa, nalo huacha kubeba. Kuvuta kijiti ndiko kunakoongeza pembe hiyo! Spitfire ya mfano, yaani ya ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, ni nzito kwa eneo la mabawa yake, na mara nyingi bawa moja hutangulia kuanguka: ndege hulala ubavu ghafla, mita chache tu juu ya nyasi, na hapo hakuna nafasi ya kuirekebisha.

Kona ya mwisho kabla ya kutua ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ukiilaza ndege nyuzi 60 bila kupoteza kimo, mabawa hubeba mzigo maradufu, na kasi ambayo chini yake ndege huanguka hupanda kwa asilimia 41 hivi. Kata kona pana, uilaze kidogo.

Ikizama, ongeza nguvu ya injini kwanza, pua ikiwa chini kidogo. Flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zishushe mapema, na injini uiache ivute mpaka magurudumu yakaribie kugusa.