Maumivu baada ya oparesheni: "naendelea vizuri" sio jibu

Dhana: mgonjwa akisema anaendelea vizuri basi haumwi.

Sio kweli kabisa, na hapa Dar nadhani hii ndo inatesa watu kuliko zote. Nesi anapita wodini asubuhi, "mama umeamkaje?", mama kajifungua kwa oparesheni jana anajibu "namshukuru Mungu", sasa hiyo ni salamu jamani, mtu mzima hawezi kuanza kulalamika kwenye salamu, ila mwangalie vizuri utakuta kashika mshono kwa mkono mmoja na kikohozi anakimeza maana akikohoa anahisi kama nyuzi zinaachia. Muulize hivi: ukikohoa inaumaje? umeweza kugeuka umnyonyeshe mtoto? chooni umefika? Maumivu ya kulala kimya na maumivu ya kujigeuza ni vitu viwili tofauti, na anayeogopa kuvuta pumzi ndefu au kutembea anajiweka kwenye hatari ya nimonia na damu kuganda miguuni.

Dhana: dawa imefanya kazi pale tu maumivu yanapoisha.

Kile kipimo cha 0 mpaka 10 mnakijua, 0 hakuna maumivu, 10 ni makali kuliko yote unayoweza kufikiria. Wengi wala hawadai sifuri. Kuna utafiti ulitoka 2017, wagonjwa wenyewe ndo waliulizwa baada ya oparesheni, kwa mstari wa milimita 100 ambao mgonjwa anaweka alama pale maumivu yake yalipofika (milimita 10 ni kama namba moja ya kile kipimo), ikaonekana yakishuka kama milimita 10 hivi mgonjwa anaisikia tofauti, na yakiwa chini ya kama 33 anaona hali inakubalika. Kwa hiyo aliyetoka 8 akafika 7 kweli kapata nafuu, lakini bado anateseka, usimwandikie "amepata nafuu" ukaondoka. Maswali ni mawili: imepungua? na hapo ilipofika inakutosha, au unataka tuongeze kitu? La pili ndo halina muulizaji, na mwenye jibu ni mgonjwa peke yake.

Dhana: presha na mapigo yako sawa, huyu anadeka.

Hakuna mashine wala kipimo cha damu kinachosoma maumivu. Chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu, IASP, kwenye maelezo yake ya 2020 kimesema wazi kwamba anachosema mtu kuhusu maumivu yake kiheshimiwe. Na asiyeweza kuongea anaweza kuwa anaumwa vilevile.

Dhana: ukiomba sindano mara kwa mara utakuwa teja.

Panadol na diclofenac hazina uteja. Morphine na pethidine, zile dawa kali za maumivu, zinataka uangalizi, ni kweli, ndo maana zinatolewa kwa dozi na nesi anaangalia upumuaji, ila siku chache za dawa hospitalini sio sababu ya kumwambia mtu ajikaze usiku kucha. Omba kabla hayajapanda sana. Na kama yalikuwa yanapungua halafu yakaanza kuongezeka, hasa kukiwa na homa, au kidonda kinavimba au kutoa usaha, usiongeze vidonge kimyakimya nyumbani, rudi hospitali siku hiyohiyo.