Masasisho ya Windows si njama ya kumaliza bando

Wengi huamini Windows hujisasisha kwa lazima ili itumalizie bando tu. Kero ni ya kweli: unataka kuchapa barua ya haraka, skrini inakwambia subiri, asilimia 30, usizime.

Lakini kumbuka 2017. Machi 14 Microsoft, wenye Windows, ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu moja la usalama. Mei 12 kirusi cha WannaCry kikapita tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya hospitali za Uingereza na kudai pesa. Kompyuta zenye kiraka hazikuingilika kwa njia hiyo.

Bando nalo lina dawa: kwenye mipangilio ya Wi-Fi, iambie Windows kuwa intaneti yako ni ya kupimwa (metered connection), masasisho mengi yatasubiri. Na saa zako za kazi (active hours) ziweke mwenyewe kwenye mipangilio ya masasisho, isije ikajizima barua ikiwa nusu.